Mchekeshaji kwenye mdahalo wa siasa: akae kiti gani, apewe dakika ngapi?

MwanaPangani

Wakuu, salaam.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Nairobi, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walianza kumwigiza Rais Moi hadharani wakijiita Redykyulass, enzi ambayo watu wazima walikuwa bado wanageuka nyuma kabla ya kulitaja jina lake. Mwaka 2017 Kiarie akachaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini, na 2022 akarudishwa. Mtu ni yule yule, lakini kazi ni mbili zisizofanana hata kidogo: ya kwanza ni kumwonyesha mwananchi mwenye madaraka alivyo, ya pili ni kupitisha bajeti na kujibu kwa nini umeipitisha.

Nimeanzia hapo kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia tunaulizana kama wachekeshaji wana nafasi kwenye mijadala mizito, kisha tunagombana huku kila mtu akisema habari yake. Mchekeshaji huingia siasani kwa milango mitatu. Kuna anayekosoa akiwa nje ya ulingo, kama XYZ Show, kipindi cha runinga cha mchora katuni Gado kilichoanza Kenya mwaka 2009 kwa vikaragosi vya wanasiasa. Kuna anayegombea. Na kuna anayekodiwa na chama kuchangamsha mkutano wa kampeni, huyu ndiye tunayemwona zaidi huku kwetu, na ndiye tunayemjadili kidogo kuliko wote.

Msimamo wangu ni huu. Anayegombea hana mjadala, huyo ni mgombea, aulizwe deni la taifa kama wenzake. Aliyekodiwa hafai kukaa meza moja na mwendesha mdahalo hata kwa dakika moja. Wa kwanza nataka aingie ndani ya mdahalo wenyewe, lakini aingie na kazi. Kosa linalorudiwa ni kumwita "aje achangamshe". Ukimwita kuchangamsha, atachangamsha, na jibu la mgombea kuhusu dawa zahanati litapotea katikati ya vicheko.

Ninavyoona iwe hivi. Mdahalo wa dakika 90, mchekeshaji mmoja tu, vipande viwili vya dakika nne nne: kimoja baada ya robo saa ya mwanzo, kingine robo saa kabla ya mwisho. Kila kichekesho kibebe dai moja linaloweza kukaguliwa, na ndani ya sekunde kumi baada ya kicheko lifuate swali kwa maneno ya kawaida. Mfano: "Tumeambiwa barabara imekamilika kwa asilimia 80. Wakazi wanasema ile asilimia 20 ndiyo inayopita kwao." Watu wacheke. Kisha: "Mheshimiwa, kilomita ngapi zina lami leo, na mkandarasi amelipwa kiasi gani?" Kicheko kimefungua mlango, swali limeingia.

Karibuni, hasa mliowahi kuandaa vipindi vya namna hii.

Dogo_Sinza

Mkuu, kwa nini mmoja? Wawili si wangepokezana vizuri?

Fundi_Mitambo

Dogo, wawili huanza kuchekeshana wao kwa wao, na mgombea anapata nafasi ya kupumua. Pia kila maiki ya ziada iliyo wazi mezani inaongeza mwangwi na kelele. Tuyaseme ya mitambo, maana hapa ndipo vipindi vingi huvunjikia.

Ukumbi wenye watazamaji una maiki mbili au zaidi zinazoning'inia kuchukua sauti ya umati. Kwenye kipindi cha vichekesho fundi huzipandisha ili mtu wa nyumbani asikie kicheko. Kwenye mdahalo fanya kinyume. Ziweke chini, na mgombea akifungua mdomo zizimwe kabisa. Usipofanya hivyo, sekunde tatu au nne za mwanzo wa jibu humezwa, na mara nyingi ndizo zenye ndiyo au hapana. Mtu wa nyumbani anasikia tu "...lakini tutalishughulikia".

Dawa yake ni makubaliano ya awali kati ya mwendesha mdahalo na fundi. Mwendesha mdahalo anainua kiganja, kicheko kinapewa muda kiishe, kiganja kinashuka, saa ya mgombea ndipo inaanza kuhesabu. Saa isianze wakati watu wanacheka. Mgombea aliyepewa dakika moja na nusu akapoteza sekunde kumi kwa kelele ana haki ya kulalamika, na chama chake kitalalamika kwa maandishi.

Mchekeshaji apewe maiki ya kola au ya mezani. Ya mkononi hapana. Akishika ya mkononi anasimama, anatembea, anaanza kufanya onyesho. Akikaa, mikono mezani, anauliza.

Redio ni habari nyingine, na ndiko wasikilizaji walipo. Mwigo wa sauti ya kiongozi redioni ni hatari kuliko kwenye runinga kwa sababu hakuna sura ya kumsahihisha msikilizaji. Mtu anayewasha redio katikati ya kipande anasikia "rais" akisema jambo ambalo rais hajasema. Tangaza kabla, tangaza baada, na kipande chenyewe kisizidi dakika mbili bila mtangazaji kuingilia na kumtaja mwigizaji kwa jina lake. Leo kuna programu za kutengeneza sauti bandia, na mwigo wa kawaida ukikatwa na kutumwa WhatsApp hauna tofauti na sauti hizo. Kwa mdahalo halisi mimi ningepiga marufuku mwigo wa sauti ya mgombea aliyepo ukumbini. Yupo, si aulizwe mwenyewe?

Karani_wa_Nairobi

Mwanzisha uzi umeanza vyema lakini umeruka jambo moja zito: mgombea anaweza kukataa kuja. Kenya tuliandaa mdahalo wa kwanza wa urais tarehe 11 Februari 2013, wagombea wanane wakafika. Mwaka 2017 Raila Odinga alisimama peke yake jukwaani kwa kuwa Uhuru Kenyatta hakuja. Mwaka 2022 William Ruto akasimama peke yake, mara hii Raila ndiye aliyekosa. Hakuna aliyelazimishwa na sheria kuja, na kila mmoja alitafuta sababu yake ya kukosa.

Sasa wewe unampa sababu nzuri kuliko zote. "Siwezi kujadili mustakabali wa taifa na wachekeshaji." Atasema hivyo asubuhi, jioni wafuasi wake watakuwa wameshamkubalia.

Kwa hiyo utaratibu uanze mapema. Waandaaji wapeleke kanuni za mdahalo kwa vyama vyote siku ile ile, angalau wiki nne kabla, jina la mchekeshaji likiwemo, muda wake ukiwemo, na kifungu kinachosema vichekesho vyenyewe havitaonyeshwa kwa upande wowote kabla ya siku. Kila chama kipewe haki ya kupinga jina mara moja tu na kwa sababu ya maandishi. Baada ya hapo jina limekwisha. Ukiacha mlango wa kupinga wazi hadi siku ya mwisho, mdahalo unakufa kwa sababu ya mtu mmoja wa dakika nane.

Na kuna hesabu ya sekunde. Mtu akae nyuma na saa, apime kila mgombea ametaniwa kwa sekunde ngapi. Usihesabu vichekesho, hesabu sekunde, kwa sababu kimoja kirefu kinaumiza kuliko vitatu vifupi.

WakiliMtaa

Niingie kwenye sheria, maana naona mnapanga maiki bila kuuliza mtu atalala wapi usiku huo.

Tanzania. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan aliitwa polisi baada ya kuweka mtandaoni picha aliyobadilishana sura na Rais Magufuli, na sheria iliyotajwa ilikuwa ile ya makosa ya mtandao ya 2015. Mei 2020 akakamatwa tena kuhusu video aliyokuwa akiicheka picha ya zamani ya rais, lakini shtaka lililofika mahakamani likawa la usajili wa laini ya simu. Zingatieni hapo: kicheko na shtaka vinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Mwanasheria wa kituo asiishie kusoma maandishi ya vichekesho. Aangalie na leseni za kituo, usajili wa laini, usajili wa akaunti zitakazorusha klipu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe jumla ya shilingi milioni 2.1 kwa mwaka wa kwanza, ombi laki moja, leseni milioni moja, ada ya mwaka milioni moja. Zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo soma zinazotumika mwaka huo huo, usitegemee za rafiki yako.

Kifungu cha 16 cha sheria ile ya 2015 kinahusu taarifa za uongo. Kichekesho kilichotiwa chumvi kinaweza kusomwa hivyo na mtu mwenye nia. Ndiyo sababu naunga mkono sharti la dai linalokaguliwa. Faili la ushahidi likiwa tayari, yaani hotuba ya bajeti, ripoti ya mkaguzi mkuu, kumbukumbu rasmi za Bunge, mazungumzo na polisi huwa tofauti.

Kenya hali ni nyingine. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza, lakini haifuniki uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Mahakama Kuu ilishafuta jinai ya kukashifu Februari 2017. Kinachobaki na meno ni sheria ya uwiano na utangamano ya 2008, kifungu cha 13: faini hadi shilingi milioni moja au jela hadi miaka mitatu. Na hapo wachekeshaji wa Kenya huteleza, kwa sababu nusu ya ucheshi wa jukwaani ni lafudhi za makabila.

Uganda, Julai 2020, kundi la wachekeshaji la Bizonto walikamatwa watu wanne kwa kipande kilichotaja majina ya wakubwa serikalini wa eneo moja na kuwataka watu wawaombee. Tuhuma ilikuwa kuchochea ubaguzi. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya huko ilifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kilichotumika sana dhidi ya wanaoandika mtandaoni.

Kipindi kinachorushwa nchi tatu kwa pamoja kipitiwe na mwanasheria wa kila nchi. Mmoja hatoshi.

Somo_Mwanahamisi

Wanangu, mmekwenda mbali mkaacha lililopo nyumbani. Sisi tuna utani. Mzaramo na Mnyamwezi, Mchaga na Mpare, babu na mjukuu, mabinamu. Mtani anaingia msibani anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa bahili, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa hawakasiriki. Hakuna mahali pazito kuliko msibani. Kwa hiyo anayesema mzaha na uzito havikai pamoja hajatazama kwao.

Lakini tazameni utani unavyofanya kazi, maana una kanuni kuliko huo mdahalo wenu. Kwanza, ni wa pande mbili. Mnaowatania leo watakutanieni kesho, na hamna ruhusa ya kununa. Pili, mtani hajichagui, nafasi yake inajulikana na wote kabla hajafungua mdomo. Tatu, kuna mpaka: anamtania marehemu kwa aliyoyafanya watu wakayaona, hasingizii. Nne, akimaliza utani anashika jembe. Kwa makabila mengi watani ndio wanaosaidia kuchimba kaburi, kupika na kufariji. Anayetania bila kufanya kazi si mtani, ni mtu wa matusi tu.

Mchekeshaji wa runinga amechukua ruhusa ya mtani akaacha masharti yake. Hataniwi yeye. Na alichojichagulia ni kutania tu, jembe hashiki.

Ndipo ninapomwomba mwanzisha uzi aongeze kitu kwenye kanuni: mgombea apewe sekunde thelathini za kumrudishia mchekeshaji, akitaka. Mgombea anayejua kutania atapendwa, asiyejua atajibu swali tu. Yote mema.

WakiliMtaa

Shikamoo Somo. Naomba kuongeza hapo. Utani wa makabila unaokubalika Tanzania hauvuki mpaka kirahisi. Kenya baada ya machafuko ya 2007 na 2008, jina la kabila kwenye kichekesho cha mwaka wa uchaguzi ni jambo la tume ya uwiano na polisi. Watani wa asili walikuwa na mkataba wa vizazi. Mchekeshaji na mtazamaji wa Eldoret hawana mkataba huo. Kwa mdahalo wa Kenya ningeandika kwenye kanuni: hakuna lafudhi ya kabila, nukta.

Somo_Mwanahamisi

Marahaba mwanangu. Hilo nalikubali bila ubishi.

Mchambuzi77

Mimi sikubaliani na mwanzisha uzi, na nitatoa sababu kwa utafiti na kwa matukio.

Mwaka 2007 mtafiti Robin Nabi na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio kuhusu ujumbe wa kisiasa unaotolewa kwa kuchekesha. Msikilizaji hubishana nao kidogo kuliko ujumbe mkavu, hilo ni zuri kwa mtoa ujumbe. Lakini wakati huo huo huuchukulia kuwa ni mzaha tu, hauna uzito wa kumbadilisha. Yaani kichekesho kinapunguza ukinzani na kinapunguza uzito, vyote kwa pamoja. Mwaka 2006 Baumgartner na Morris walikuta kwamba vijana waliotazama kipindi cha mchekeshaji wa Marekani Jon Stewart waliwashusha wagombea wa pande zote mbili na mfumo wenyewe wa uchaguzi, ingawa walijiona wanaelewa siasa zaidi. Na 2009 LaMarre na wenzake wakaonyesha jambo la hatari kuliko yote: watazamaji wahafidhina wa Stephen Colbert, mchekeshaji aliyeigiza mtangazaji wa kihafidhina, walielekea kuamini kwamba anamaanisha yale anayojifanya kuyasema. Kicheko ni kimoja, maana mbili zinazopingana.

Sasa peleka hiyo kwenye mdahalo. Mgombea anasema jambo, mchekeshaji anajifanya kumsifu, nusu ya wasikilizaji wa redio wanadhani amesifiwa kweli. Kinaya hakifai kabisa pale.

Tazameni Colbert mwenyewe mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Marekani, tarehe 24 Septemba 2010, kuhusu vibarua wahamiaji wa mashambani. Alitoa maelezo akiwa ndani ya mhusika wake. Mbunge John Conyers alimwomba aache maandishi yake na aondoke. Wengi walikasirika. Kitu pekee kilichobaki kwenye kumbukumbu kwa heshima ni pale mbunge Judy Chu alipomuuliza kwa nini suala hilo, na Colbert akamvua mhusika wake na kusema kwa sauti yake ya kawaida kwamba anapenda kuwasemea wasio na nguvu. Jon Stewart alijifunza hilo. Tarehe 11 Juni 2019 alipokwenda mbele ya wabunge kuwatetea waliougua kwa kazi ya uokoaji baada ya Septemba 11, hakwenda kuchekesha. Alikwenda na hasira na viti vitupu vya wabunge mbele yake. Sheria ya kurefusha mfuko wa fidia hadi 2090 ilisainiwa tarehe 29 Julai mwaka huo huo.

Kwa hiyo ninachosema ni kwamba mchekeshaji anafaa sana kwenye mambo mazito anapoacha kuchekesha. Ndani ya mdahalo mpe kipindi chake tofauti, usiku ule ule baada ya mdahalo kuisha, dakika 30, awe amesikia majibu yote na wakaguzi wa taarifa wameshakagua. Hapo achambue kwa kucheka. Ndani hapana.

Dogo_Sinza

Mchambuzi, na Zelensky, yule mchekeshaji wa Ukraine, je? Si alimshinda rais aliyekuwa madarakani kwenye mdahalo?

Mchambuzi77

Dogo, Zelensky alikuwa mgombea, mlango wa pili wa mwanzisha uzi. Na mdahalo wenyewe, tarehe 19 Aprili 2019 kwenye uwanja wa mpira wa Kyiv, ndio mfano wa jinsi ya kutoandaa mdahalo. Mashabiki wa pande mbili wakipiga kelele, wagombea wakirushiana maneno, watu wakapiga magoti. Siku mbili baadaye alishinda kwa asilimia 73. Tamthilia yake ya runinga, alimoigiza mwalimu anayekuwa rais, ilikuwa imeshafanya kazi tangu 2015. Kampeni nzima alikwepa mahojiano marefu ya waandishi. Ukiniuliza, hapo ndipo palipohitaji mdahalo wa kweli na hatukuupata.

Wagombea wachekeshaji hawafanani. Jón Gnarr wa Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, alipata viti sita kati ya 15 mwaka 2010 kwa chama alichokianzisha kwa mzaha, akiahidi taulo za bure kwenye mabwawa ya kuogelea. Akawa meya, akarithi kampuni ya nishati ya jiji iliyojaa madeni, ikabidi kupandisha bei na kupunguza wafanyakazi. Akamaliza muhula wake 2014 akaondoka. Jimmy Morales wa Guatemala alishinda urais 2015 kwa asilimia 67 akijinadi kuwa si fisadi wala mwizi, na Agosti 2018 akatangaza kutoongeza muda wa tume ya kimataifa iliyokuwa ikichunguza ufisadi, naye mwenyewe akiwa miongoni mwa waliolengwa. Kazi ya awali haikutabiri chochote. Maswali ya bajeti yangetabiri.

MwanaPangani

Mchambuzi, nimesoma mara mbili. La kinaya nakubali, linaingia kwenye kanuni: ndani ya mdahalo hakuna kujifanya kusifu. La kipindi tofauti silikubali lote. Kipindi cha saa tano usiku hutazamwa na waliokwisha amua. Mtu anayeamka alfajiri kwenda sokoni Tandale hasubiri. Na mgombea hayupo tena kiti cha moto, swali limebaki kuwa maoni.

Utafiti wa Nabi unanipa nguvu zaidi ya kunipunguzia. Kama kicheko kinapunguza ukinzani na kinapunguza uzito, basi tumia cha kwanza na uzuie cha pili: kicheko kwanza, kisha swali kavu. Uzito unarudishwa na swali. Ndiyo maana ya zile sekunde kumi. Somo, sekunde thelathini za kurudishiana nazikubali.

Fundi_Mitambo

Kuhusu maandalizi ya vichekesho vyenyewe, maana waandaaji wengi hudhani mchekeshaji anakuja na vyake kichwani.

Siku tisa kabla, mtafiti anampa mchekeshaji madai 20 hadi 25 ya wagombea, kila moja na tarehe, mahali liliposemwa, na namba halisi inayolithibitisha au kulipinga. Mchekeshaji anaandika. Hapangiwi cha kucheka, anapangiwa malighafi. Siku nne kabla analeta vichekesho 15. Kila kimoja kinapitishwa kwenye jaribio la kukikausha: ondoa mzaha wote, andika kilichobaki kwa sentensi moja kavu. Kikibaki dai la kweli, kipo. Kikibaki kitu kuhusu mwili wa mtu, umri, ulemavu, mke au mume, kabila au dini, kimetoka. Kisipobaki kitu, nacho kimetoka hata kama kinachekesha kuliko vyote, na hapo ndipo ugomvi huanza, kwa hiyo sheria hiyo iandikwe kwenye mkataba mapema. Kwa kawaida kati ya 15 hupita nane au tisa. Vinatosha. Dakika nne zina nafasi ya vichekesho vitatu tu pamoja na maswali, sita kwa usiku mzima, na viwili vya akiba mgombea akibadili kauli.

Jaribuni mbele ya watu kumi wasiohusika na kituo. Msitafute kicheko tu. Waulizeni baada ya kila kimoja: "Umeambiwa nini?" Wakitoa majibu mawili yanayopingana, kichekesho kina kinaya kilichojificha. Kirudi.

Karani_wa_Nairobi

Na mkataba wa fedha. Hili ndilo linaloua imani kuliko mitambo yote. Wachekeshaji wetu huishi kwa kazi za ushereheshaji, na mwaka wa uchaguzi vyama ndivyo vinavyolipa vizuri. Si dhambi, ni riziki. Lakini kwenye mkataba aandike chama au mwanasiasa gani amemlipa ndani ya miezi 12 iliyopita, kazi gani, na lini. Hilo lisomwe hewani kwa sentensi moja anapotambulishwa. Kuanzia siku ya kusaini hadi siku ya kura asipande jukwaa la chama chochote, na kituo kimlipe kwa kuzuiwa huko. Ukimzuia bila kumlipa, atakwenda, na huna haki ya kumlaumu.

Klipu pia. Kituo kibaki na haki ya vipande vyote, chama kisiruhusiwe kutumia kichekesho kwenye tangazo lake. Klipu inayopandishwa na kituo iwe na kichekesho, swali na jibu lote, bila kukatwa kwenye kicheko. Maandishi chini ya video yaandike dai lenyewe na namba yake. Watu watakata wenyewe, huwezi kuzuia, lakini yako yenye jibu lote iwe mtandaoni ndani ya dakika 20 tangu kipande kiishe. Ukichelewa hadi asubuhi, iliyokatwa na mashabiki ndiyo itakuwa imezunguka.

Mchambuzi77

Haya, kwa masharti hayo ya Fundi na Karani nimelegea kidogo. Bado naona kipande cha pili, cha robo saa ya mwisho, kiondolewe. Mtazamaji hukumbuka vya mwisho, na kauli za kufunga za wagombea zisitanguliwe na kicheko.

MwanaPangani

Nimekuelewa. Kihamie dakika ya 50, kabla ya mada ya mwisho. Kauli za kufunga zitanguliwe na angalau dakika 25 za mazungumzo makavu.

Dogo_Sinza

Swali la mwisho wakuu. Mchekeshaji akiuliza, mgombea akakwepa, nani anamrudisha kwenye swali? Yeye au mwendesha mdahalo?

Fundi_Mitambo

Mwendesha mdahalo, mara moja, kwa kulirudia swali lile lile neno kwa neno. Mchekeshaji maiki yake imeshazimwa kufikia hapo. Akiachwa arudishe mwenyewe atarudisha kwa kichekesho kipya, na mgombea atakuwa ameponea kwenye kicheko.